Sura ya Mwisho na Karanga za Obdulia

Eneida Valdivieso ametumia miaka thelathini kuandika kitabu kimoja kuhusu kitabu cha mtu mwingine. Mimi ni jirani yake hapa Havana, na nimechoka kwa niaba yake. Asubuhi anapanga foleni ya mkate, ambako watu humwita Daktari wa Kitabu Kimoja. Mchana anafundisha chuoni. Umeme ukikatika, anasogeza meza dirishani na kuendelea kuandika, miguu imevimba.

Riwaya anayoihakiki, ya marehemu Anselmo Queralt, inakatika ghafla: mume na mke wamesimama ngazini, basi. Wahakiki wengine waliona kasoro. Eneida alisema ni ukimya wa makusudi, wa watu waliochoka kuahidiwa. Hoja hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu chake.

Juzi aliniletea mswada, kesho yake uende kwa mchapishaji. Akaniomba nitazame makosa, maana zamani nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Nilifika ukurasa wa arobaini, penye hoja ya ukimya, nikashindwa kuendelea. Nikauchukua mswada, nikamfuata jikoni kwake alipokuwa akichuja kahawa.

"Dada Eneida, ile riwaya niliipanga mimi. Ilikuwa na sura moja zaidi. Mwaka ule karatasi ziliadimika, tukaambiwa tupunguze. Tukaikata."

Hakugeuka. "Queralt alikubali?"

"Alikuwa mahututi. Alikufa kabla haijatoka."

"Hiyo sura ilisemaje?"

"Wanapanda juu, wanapika maharage meusi, wanagombana kwa ajili ya chumvi. Wanalala."

"Iko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka ile hatukutupa kitu. Kurasa nilizipeleka nyumbani, mke wangu Obdulia akazikunja kuwa vifuko, akauzia karanga mbele ya chuo. Nikamwambia hivyo hivyo.

Eneida akaketi taratibu.

"Nilinunua kwa Obdulia kila siku," alisema. "Ndicho kilikuwa chakula changu cha mchana. Nilikula, nikatupa karatasi, nikaingia darasani kufundisha ukimya."

Tulikunywa kahawa. Kisha akauvuta mswada, akafuta sentensi ya kwanza, akanitazama kwa macho yake mekundu.

"Haya, Rigo, nisimulie polepole. Chumvi ilizidi au ilipungua?"

Sikukumbuka.