Mkwe Wangu wa Nyuma ya Michongoma

Kuna mtu ninayemkumbuka kila nikipita mahali penye benchi tupu, na sijawahi kuuona uso wake. Si mume wangu. Uso wa mume wangu naujua vizuri, hata ningependa kuusahau kidogo. Ninayemsema ni baba yake, mkwe wangu wa Mbeya, ambaye amefariki siku nyingi na ambaye mpaka leo namlilia kama mtoto anavyomlilia mzazi aliyesafiri.

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Iringa. Baba yangu alikufa nikiwa bado nanyonya, nikalelewa na kaka zangu, watu wema lakini wa maneno machache. Katika miaka ya hamsini, nilipokuwa mwali, alikuja kijana wa Kinyakyusa aliyekuwa akipasua mbao huko Mafinga. Alikuwa na kicheko kizuri na viatu. Nikaolewa, nikapelekwa Mbeya, tukakaa Ilomba, ambako baba yake alikuwa ameshahamia kutoka Tukuyu na kufungua mashamba.

Kwetu mkwe anaheshimiwa, sikatai. Unapiga goti, unasema "Kamwene," mambo yamekwisha. Kwa Wanyakyusa wa siku zile ilikuwa habari nyingine. Mkamwana na baba mkwe hawakuonana. Si kwamba hawakuzoeana. Hawakuonana kabisa, kwa macho. Akija njiani, wewe unaingia porini. Akiwa nyumbani kwake, wewe hukanyagi ua wake. Jina lake hulitamki, na huzungumzi naye neno hata moja. Naye kwa upande wake alitakiwa akohoe mapema, upate nafasi ya kukimbia.

Mimi sikuambiwa. Wiki yangu ya kwanza Ilomba nilikuwa natoka mtoni na debe la maji kichwani, wifi yangu, binti wa ndugu ya mkwe wangu, akanisukuma kwenye migomba nikaanguka mimi na debe langu.

"Jifunike! Tata anapita!" alininong'oneza. Tata kwao ni baba.

Nilijifunika kanga iliyolowa. Nilichoambulia ni miguu miwili mikavu na ncha ya fimbo, ikipita taratibu. Ilipopotea nikamwuliza wifi nimekosa nini.

"Hujakosa," akasema. "Umeolewa."

Nilikasirika. Mimi si mtu wa kusukumwa kwenye migomba. Nikamwambia mume wangu kwamba baba yake amebatizwa, tena ni mzee wa kanisa, sasa Yesu anasemaje juu ya jambo hili? Akacheka kile kicheko chake. Akasema Yesu hakuwa na mkamwana.

Kabla hata sijazoea kukimbia, mume wangu akaondoka. Alikwenda Rodesia ya Kaskazini, kwenye migodi ya shaba, kama vijana wengi wa huko. Aliahidi kurudi na cherehani. Nikabaki katika nyumba yake, bila mtoto, miongoni mwa watu ambao lugha yao nilikuwa nikiiokota neno moja moja. Misimu ikapita. Wanawake wenzangu waliniambia mvumilivu hula mbivu. Nikaitikia. Lakini nilijua, na wao walijua, kwamba mume asiporudi, ukoo utakaa kikao na kunipa kwa mdogo wake, kijana mlevi ambaye hata mbwa wake walimkwepa. Na nikikataa, kaka zangu wangedaiwa ng'ombe wa mahari ambao walikwisha kuoa nao. Kwa hiyo kurudi kwa mume wangu hakukuwa mapenzi tu. Nilikuwa nangoja kujua mimi ni wa nani.

Ndivyo nilivyoanza kwenda bustanini. Bustani ya Mbeya ilikuwa katikati ya mji, chini kidogo ya boma, na sidhani kama aliyeipanda alitufikiria sisi. Upande wa juu palikuwa na waridi na mabenchi ya kijani, na alasiri wake wa maofisa walikaa huko na mbwa wao. Sisi hakuna aliyetukataza, na hakuna aliyetukaribisha. Tulijua wenyewe pa kukaa. Upande wa chini ulitengwa na ukuta wa michongoma iliyokatwa ikawa sawasawa, na mjakaranda mmoja mkubwa uliosimama katikati ya michongoma hiyo, nusu huku nusu kule. Chini yake, upande wetu, palikuwa na ukoka na benchi moja.

Nikishamaliza kuuza viazi vyangu sokoni nilikwenda kukaa pale. Soko lilikuwa na kelele, Ilomba kulikuwa na macho ya watu, lakini bustanini ungeweza kusikia nyuki. Hakuna aliyekuuliza umepata habari gani. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza, ukapita juu ya waridi, ukaondoka, na wewe umekaa tu. Na kutoka pale uliiona barabara vizuri, mahali basi la kutoka Tunduma, mpakani, liliposimama. Wanaume walishuka na masanduku ya bati, na kofia, na mablanketi mapya. Mimi niliwatazama mmoja mmoja mpaka basi likawa tupu.

Siku moja, basi limeshakuwa tupu, nikasikia kikohozi upande wa pili wa michongoma.

Nilikijua. Ndicho kilichokuwa kikinikimbiza kwenye migomba. Nikavuta kanga usoni, nikakamata kikapu, nikainuka niondoke, mara nikasikia sauti.

"Wewe mti," ilisema. "Mtu asiondoke. Bustani si ya kwangu, ni ya serikali. Mimi niko huku, yeye iko huko, michongoma iko katikati. Desturi haijavunjika."

Nikasimama. Ulikuwa mjakaranda anaozungumza nao, na alikuwa anazungumza nao Kiswahili. Yule mzee nyumbani hakusema ila Kinyakyusa. Kiswahili alikiokota utu uzima, tena kwa shida. Nikaelewa kwamba ule mti ndio peke yake Mbeya nzima uliotoka Iringa.

Nikakaa. Kwa kuwa sikuruhusiwa kumjibu, nikapiga makofi mawili ya polepole, ya heshima.

"Basi," mti ukaambiwa. "Na mimi nangoja huyo huyo."

Tukawa tunangoja wote wawili. Akifika, anakohoa, mimi najifunika na kugeukia barabarani, naye anakaa benchi la upande wake, la mwisho kabisa, mbali na mbwa wa maofisa. Harufu ya ugoro wake ilinifikia kabla ya sauti. Aliuambia mti mambo mengi. Kwamba baridi ya mwezi wa saba ina meno, mtu akikaa bila sweta kifua kitaumwa. Kwamba mahubiri ya Jumapili yalikuwa marefu mpaka akaota ndoto mbili. Aliligombeza basi likichelewa kama vile ni mtoto aliyetumwa dukani. Aliuambia mti jinsi mume wangu alivyokuwa mdogo, akiogopa radi, akija kulala miguuni pake. Yule mume nilikaa naye muda mfupi sana; mengi niliyoyajua juu yake niliambiwa kupitia mjakaranda.

Sikuweza kuendelea na makofi tu. Mimi na mdomo wangu! Siku moja nikakiambia kikapu changu, kwa sauti ya kutosha, "Kikapu, viazi vya safari hii vimeoza nusu." Nikadhani nimeharibu. Halafu nikasikia anacheka, kicheko cha puani, kile kile cha mwanawe lakini kizee.

"Mti, kumbe huko kuna kikapu kinasema."

Tangu hapo tukazungumza, yeye na mti wake, mimi na kikapu changu. Mpita njia angeona wendawazimu wawili wanaogawana bustani. Aliuuliza mti baba wa binti huyu alikufa na nini. Nikakiambia kikapu kwamba sijui, sikumkuta, na kwamba sijawahi kumwita mtu yeyote baba. Siku ile, alipoinuka kwenda, akakohoa tena. Desturi ilimtaka akohoe akija. Akiondoka haikumtaka kitu. Nikajua ananiaga. Na tangu siku hiyo hakuwahi kuondoka bila kukohoa.

Nitasema wazi: nilianza kuharakisha kuuza viazi. Nilivitoa kwa bei ya kutupa niwahi bustanini, na nilipofika, kwanza nilisikiliza michongoma ndipo nikatazama barabara.

Kisha siku moja akashuka mtu mmoja. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na kofia ya mgodini. Akamwona mzee kutoka barabarani, akapanda mpaka kwake, wakaamkiana sana. Wakati huo Kinyakyusa kilikuwa kimeshaniingia, nikasikia kila neno.

"Mwanao ni mzima," alisema yule mtu. "Ameoa kule. Amepata na mtoto. Amesema asingojewe."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimekula kwake."

"Punguza sauti," mzee akamwambia. Yule mtu akauliza kwa nini, hapa si kuna miti tu?

Alipoondoka yule mtu, mti haukuambiwa neno. Mimi nilikuwa nimekaa nimekumbatia kikapu, machozi yananitiririka chini ya kanga, na nafikiri nililia kwa hasira kwanza. Mvumilivu hula mbivu! Mbivu yangu ilikuwa inaliwa huko migodini na mtu mwingine. Baada ya muda nikamsikia anainuka. Akakohoa, lakini kikohozi kilikatika katikati.

Nilifikiri hatakuja tena. Siku ya soko iliyofuata nikaenda, nikakaa, na kikohozi kikaja.

"Mti," alisema, "naona leo basi imechelewa."

Nikakiambia kikapu kwamba ndiyo, limechelewa.

Tukaendelea hivyo masika nzima. Basi lilikuja, wanaume wakashuka, hakuna aliyewatazama. Yeye alijua kwamba nimesikia, mimi nilijua kwamba anajua. Tuliogopa kitu kimoja: tukikiri kwamba hakuna wa kungojwa, tutakuwa na sababu gani ya kukaa pale? Yeye ni mkwe, mimi ni mkamwana. Bila basi la Tunduma ningerudi kwenye migomba yangu na yeye kwenye njia yake.

Lakini habari haifichiki. Ilifika Ilomba, na kikao kikaitwa. Wifi yangu aliniambia watu wote wamesema nipewe yule mdogo, isipokuwa mzee, ambaye hajasema. Nilikwenda bustanini. Mjakaranda ulikuwa umechanua, ukoka wote umegeuka zambarau, na wala sikuona uzuri wake siku ile. Alikuwa ameshafika.

"Wewe mti," akasema, "leo sikiliza. Nimesema na ndugu zangu. Huyu binti hatapewa mtu. Aende kwao Iringa, aolewe anakotaka mwenyewe. Hakuna mtu atamfuata kumdai kitu. Nimemaliza."

Ndicho nilichokuwa nakiomba kwa Mungu kila siku. Lakini nilipokisikia nikakiambia kikapu, "Kikapu, mwambie aliyesema, mimi sitaki kwenda."

Akavuta ugoro wake. Nilimsikia anaikunja ile karatasi ya ugoro, anaikunjua, anaikunja.

"Mti wenyewe ni mzee," akasema. "Siku ukianguka, hao watakaobaki hawatamwuliza anataka nini." Kisha akaongeza: "Mimi nilizaa wavulana ambao wamekua. Ya binti nilikuwa siyajui. Sasa nimeyajua. Ndaga, mti. Ndaga fijo."

Ni asante, kwa Kinyakyusa. Siku zote alikuwa anazungumza na mti kwa Kiswahili.

Nilitaka kusema baba. Neno hilo lilikuwa limenijaa mdomoni. Nikapiga makofi mawili, kwa kuwa ndivyo mkamwana anavyofanya, naye akakohoa, akaenda zake.

Niliondoka wiki iliyofuata. Basi la Iringa lilitoka mapema, na njia yake ilipita chini ya bustani. Nilikaa dirishani, karibu na mama mmoja mwenye kuku aliyekuwa anateremkia Chimala. Tulipokaribia, dereva akapunguza mwendo kumpakia abiria, na nikasikia kikohozi.

Sikuwa mkamwana wake tena. Ndoa ilikuwa imevunjwa mbele ya watu. Nilikuwa na ruhusa ya kutoa kichwa dirishani nikamtazama mpaka nikatosheka, kama ninavyoweza kumtazama mzee mwingine yeyote. Ila sikutaka awe mzee mwingine yeyote. Nikavuta kanga usoni, nikageukia upande wa kuku.

"Mama," nikamwuliza jirani yangu, "kuna mzee hapo bustanini?"

"Yupo. Ana koti refu na fimbo."

"Anatazama huku?"

"Hapana," akasema, akinyoosha shingo. "Ametupa mgongo kabisa. Anatazama mti." Akacheka. "Mzee wa ajabu. Kama hataki hata kuliona basi, na baridi yote hii, amekuja kufanya nini?"

Nililia mpaka Nyololo.