Mwaka Tulioacha Kuchoma Mabua

Lazima nikiri: moto ule ulikuwa mzuri. Kila mwaka, katika miaka ile ya tisini, mpunga ukishavunwa na kupigwa, baba mkwe wangu ndiye alikuwa wa kwanza kuchoma mabua. Alisubiri upepo ukae vizuri, akawasha upande mmoja, na moto ukatembea shambani kana kwamba unaijua mipaka. Wanaume walisimama na fimbo wakiwangoja ndezi, wale panya wakubwa wa mashambani, watoke. Moshi ulipanda mpaka milima ya Udzungwa ikapotea, na mimi, pamoja na kukohoa kwangu kote, nilibaki mlangoni nimeduwaa.

Kisha kifua kilibana. Nina pumu tangu utotoni, na nyumba yetu ilikuwa pembeni kabisa mwa mashamba, mwendo wa baiskeli kutoka mtaa wa Viwanja Sitini. Daktari alishasema dawa yangu ya kwanza ni kukaa mbali na moshi. Basi kila msimu wa kuchoma nilifungashiwa mizigo, nikavuka mto kwa kivuko kwenda kwa mama yangu Mahenge, watoto nikiwaacha kwa bibi yao. Hakuna aliyefikiri kwamba anayepaswa kuondoka ni moto. Kwetu shamba lisilochomwa lilikuwa shamba la mvivu, na baba mkwe alikuwa tayari kuitwa lolote isipokuwa hilo.

Mwaka mmoja nilirudi nikamkuta mtoto wangu wa mwisho amejua kutembea. Nikamnyooshea mikono. Aliniangalia, akalia, akapepesuka hadi kwenye miguu ya babu yake. Iliniuma sana, nikacheka ili wasione. Baba mkwe hakucheka. Alimbeba mtoto, akaniwekea mapajani, akatoka nje.

Msimu uliofuata, nikiwa nakunja nguo za safari, aliniambia ningoje kwanza. Hakueleza. Mkwe hamhoji baba mkwe, na ulimi wangu huu mrefu siku hiyo niliufungia ndani. Nilichojua ni kwamba alikuwa ametoka kwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni, mtu ambaye hadi wakati huo walikutana kwa kugombana tu, juu ya mpunga uliokanyagwa.

Kesho yake asubuhi ng'ombe wakaja. Walitokea kwenye ukungu, pembe kwanza, wengi mpaka nikaacha kuwahesabu, wakaenea shamba zima. Nilitegemea vurugu. Nilichosikia ni kutafuna tu, taratibu, kila upande. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikifanya kazi kwa upole namna ile. Nilijishika kifua kwa mazoea, nikakikuta kimetulia.

Walikula siku kadhaa, wakatuachia samadi. Mabua waliyobakiza tuliyatandaza kwenye matuta ya mboga, na udongo chini yake ukakaa na unyevu. Baba mkwe akawaendea majirani wa upande unakotoka upepo, akawaomba nao wawapokee ng'ombe. Wawili walikubali. Mmoja alikataa, akachoma, na kwa siku mbili nilishinda ndani na khanga iliyoloweshwa puani, nikimlaani kimoyomoyo. Lakini nilikuwa nyumbani, na mtoto alikuwa mgongoni kwangu.

Jumapili moja baada ya misa wanaume walimzunguka baba mkwe nje ya kanisa. Walimtania kwamba uzee umemfika, siku hizi anaazima meno ya ng'ombe kusafishia shamba. Wakasema sasa bonde zima limemjua mvivu ni nani. Mimi nilikuwa nyuma yao, na niliogopa, maana nilizijua hasira zake.

"Mvivu ni mimi," akasema. "Lakini mama wa wajukuu zangu yupo nyumbani."

Hakujua kwamba nasikia. Katika miaka yote niliyoishi kwake hakuwahi kunisifia hata mboga. Nilizunguka upande wa pili wa kanisa, nikalia mpaka kilemba kikalowa.