Gunia la Dawa

Mama Mkubwa hakuwahi kuuza kitu ambacho hakukinusa kwanza. Alikiinua hadi puani, akafumba macho, akavuta pumzi fupi fupi, kisha ama akakiweka mezani ama akakunja uso kana kwamba mtu amemtukania marehemu. Uso ule wenzake sokoni waliuita hukumu. Yeye mwenyewe walimwita Bi Pua, wala hakuchukia. Alisema kuna watu wanastahili majina mabaya zaidi ya hilo, na akisema hivyo alimtazama muuza mkaa.

Meza yake ilipakana na mtaro wa maji machafu. Majani ya kabichi yalilala humo mpaka yakawa uji, magamba ya samaki yakang'aa juu ya povu la kijani, na jua likishapanda, ule mtaro ulipumua. Wengine waliuzoea. Mama Mkubwa hakuuzoea mpaka uzee ukamkuta. Kila asubuhi alifika, akausonya, akamwaga majivu ukingoni, akapanga mboga zake akiupa mgongo. Mimi, mtoto wa mdogo wake, niliyekaa kwake tangu nilipomaliza chuo nikingoja kazi, nilikuwa namkatia ndimu na kumfungia mafungu. Kuuza hakukunifaa, kwa sababu sauti yangu haikuvuka meza.

"Umenusa, Mama?" mteja angeuliza.

"Nimenusa."

Yakaisha. Mtu alilipa bila kuligeuza fungu kuona upande wa chini.

Aliamini kwamba mwili hutaka kile ambacho ardhi inatoa kwa wakati ule. Machungwa yakija na baridi, kula machungwa, maana mafua nayo yamekuja. Maembe yakiisha, yameisha. Ukililia embe katika mwezi usio wake utaletewa maji yaliyovaa ganda. Maboga aliyauza na majani yake na mbegu zake, akakasirika ukitaka nyama tu. Nyuma ya meza aliweka tangawizi, kitunguu saumu, na majani ya mlonge aliyoyakausha kivulini, juu ya mkeka, chumbani kwetu, hata nguo zangu zikawa zinanuka jani. Lakini hakuwa mtu wa kuahidi. Mwenye kikohozi cha muda mrefu alimfukuza: "Tangawizi si rungu la kupigia kila kitu. Nenda hospitali wakakusikilize kifua."

Kilichomtia kinyaa kuliko mtaro ni ulaghai. Nilimwona siku moja akimenya ndizi aliyoletewa na mwenye lori. Nje ilikuwa njano kama kikombe kipya, ndani ngumu kama mti. Aliitia mdomoni, akaitema kwenye kiganja, akamwonyesha.

"Hizi umeziivisha kwa dawa."

"Mama, si zimeiva?"

"Zimepakwa rangi. Ondoa lori lako."

Neno dawa, mdomoni mwake, lilikuwa na sura hiyo. Kwenye kishamba chake bondeni dawa ilikuwa ile ya kupuliza, aliyoitumia kwa shingo upande wadudu wanapozidi kwenye kunde, akajifunga kitambaa puani, kisha akajisugua mikono mpaka ikawa myekundu. Marehemu mumewe alikuwa fundi viatu, na kwake dawa ilikuwa ya kung'arishia. Akiuliza asubuhi, "Dawa yangu iko wapi?" mkewe alimjibu, "Ya tumbo au ya kiatu?" Walicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Nyumba ile ilijua dawa ni neno la kuulizia mara mbili.

Mtoto wao wa pekee alilisahau hilo. Alikaa miaka mingi mji mwingine akiuza mafuta ya kuchubua ngozi, na aliporudi alikuwa na kadi mfukoni zilizoandikwa Mkurugenzi, basi nasi tukamwita Mkurugenzi. Alikodi chumba kilichokuwa saluni. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa bado imeng'ang'ania kuta, na vioo vilikuwa bado vipo, hata mgonjwa akiingia alijiona akiwa wanne. Kati ya vioo alibandika picha za utumbo. Nje aliandika: Kituo cha Afya Asilia.

Siku ya kwanza tuliyokwenda kumtembelea, alikuwa amesimama mbele ya watu, shati limebana kitambi, akihubiri.

"Ndugu zangu, utumbo wako ni bomba! Tangu uzaliwe umeshawahi kulisafisha? Hujawahi! Unatembea na sumu, unalala na sumu!" Aliinua chupa. Ndani, kwenye maji ya rangi ya mkojo, kulielea kitu cheupe, kirefu, kilichojikunja. "Hiki kimemtoka mama mmoja juzi."

Watu waliguna. Mama Mkubwa aliisogelea chupa, akaitazama, akamvuta mwanawe pembeni.

"Mwanangu, huyu mnyoo wako nilimpika Jumapili. Huo ni utumbo wa kuku."

"Mama, punguza sauti. Ni mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Wa biashara."

Uso wa Mama Mkubwa ulikunjwa hukumu kamili. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alitoka pale akitema mate njiani, na wiki haikuisha akawa amemkubalia Mkurugenzi achukue majani yake ya mlonge na ya kunde, asage, afungashe. Kwenye pakiti kulikuwa na picha yake, iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine. Bega la bibi harusi lilionekana bado pembeni. Juu yake maandishi makubwa: Unga wa Bi Pua, Huondoa Sumu Zote.

"Hata mimi siondoi zote," alisema, akaigeuza pakiti kifudifudi.

Kisha baridi ikaja, na mafua yakamshika yeye wa kwanza. Kichwa kilikuwa kizito, pua imeziba kabisa. Alikuwa amejifunika shuka juu ya beseni la maji ya moto na tangawizi, simu ilipoita. Nilimshikia sikioni.

"Majani mengine yapo kwenye mkeka, kibandani kule shambani," alimwambia mwanawe kwa sauti ya puani. "Chukua hayo. Lile gunia la kitambaa chekundu ni la dawa."

Akarudi chini ya shuka. Hakusema usiliguse. Kwa nini aseme? Lilikuwa gunia la majani ya kunde aliyoyapulizia, wadudu wakayatoboa hivyo hivyo, akayang'oa ayafukie shimoni. Kitambaa chekundu alikifunga yeye mwenyewe.

Siku mbili tatu baadaye Mkurugenzi alikuja mezani kwetu na beseni la unga wa kijani na wateja nyuma yake. Unga ulinuka kitunguu saumu, kikali, chenye kitu kama mafuta ya taa kwa mbali.

"Mnasikia harufu hiyo?" alisema. "Hiyo ndiyo nguvu yake!"

Hata mimi nilidhani ametia kitunguu saumu. Miongoni mwa wateja alikuwapo fundi cherehani wa chumba cha pili kutoka kwetu, binti mwenye mtoto mchanga mgongoni, aliyekonda kwa kunyonyesha na kushona. Hakumtazama Mkurugenzi. Alimtazama Mama Mkubwa.

"Umenusa, Mama?"

"Pua imeziba, mwanangu. Subirini kidogo."

"Mama," Mkurugenzi alinong'ona, meno yakitabasamu, "watu wamesimama. Majani si yako mwenyewe? Unaniaibisha."

Aliliinua beseni. Akafumba macho, akavuta pumzi. Nilikuwa karibu naye, nikaisikia ile pumzi ikigonga kama mtu anayegonga mlango uliofungwa. Haikuingia.

"Nimenusa," alisema.

Kesho yake cherehani ilikuwa kimya. Mtoto alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa kile cha mtoto aliyelia muda mrefu. Tulisukuma mlango. Fundi alikuwa sakafuni, amekumbatia ndoo, jasho likimtiririka, mate yakimtoka mdomoni kama uzi usiokatika, na ndani ya ndoo kulikuwa na kitu cha kijani chenye povu kama lile la mtaroni. Chumba kizima kilinuka kitunguu saumu. Mama Mkubwa, ambaye nzi kwenye nyanya alimharibia siku, alipiga magoti, akamfuta mdomo kwa khanga yake mwenyewe, akamwinua.

Muuza mkaa alitupatia mkokoteni wake. Alimwaga mkaa wote chini bila kuambiwa, tukamlaza humo, nami nikabeba mtoto. Tulifika zahanati weusi kama masizi.

"Amekunywa nini?" nesi aliuliza.

"Dawa," nilisema.

"Dawa gani?"

"Ya asili."

Nesi alishusha pumzi ya mtu aliyekwisha kulisikia jibu hilo. "Nionyesheni."

Mama Mkubwa alikuwa na pakiti mkononi. Labda ni mvuke wa siku zile, labda ni machozi ya njiani, lakini pua yake ilikuwa imefunguka. Aliichana pakiti, akaileta usoni, na pumzi ikaingia yote. Nimeona uso wake ukikunjwa mara nyingi maishani. Siku ile ulikunjwa mpaka nikadhani hautakunjuka tena, na chini yake, kwenye pakiti, uso wake mwingine ulikuwa ukitabasamu na bega la bibi harusi.

"Nesi," alisema, "hii ni dawa."

"Nimeshaambiwa ni dawa, Mama."

"Hapana, mwanangu. Dawa. Ya wadudu."

Nesi alikimbia.

Walimtundikia maji, wakamchoma sindano, wakatwambia atapona lakini mtoto asinyonye mpaka waruhusu. Tuliposikia hilo ndipo Mama Mkubwa alipokwenda kituoni kwa mwanawe. Alimkuta akipanga pakiti mbele ya vioo.

"Ulichukua gunia gani?"

"La dawa," Mkurugenzi alisema. "Si uliniambia mwenyewe? La kitambaa chekundu ni la dawa. Nikasema kumbe Mama alinificha yenye nguvu."

Mama Mkubwa aliketi kwenye kiti cha zamani cha kusukia.

"Dawa ya panya nayo ni dawa," alisema polepole. "Ya viatu ya baba yako nayo ni dawa. Mbona hukuwapa wanywe?"

Mkurugenzi alipoelewa, rangi ilimtoka. Naye alikaa chini, na kwa muda mfupi alikuwa mtoto wa fundi viatu tena. Kisha nikaona kwenye kioo jinsi macho yake yalivyoanza kuhesabu.

"Mama, nisikilize. Tunaweza kusema alikula kitu kingine. Pakiti nyingine nitazikusanya taratibu. Ukitangaza, jina lako limekwisha pale sokoni."

"Jina langu liko kwenye ndoo ya yule binti. Kalichukue."

"Mbona wote mnanitazama mimi?" alipaza sauti. "Nani alisema amenusa? Ni mimi?"

Mama Mkubwa aliinuka kama mtu aliyebebeshwa gunia, akatoka. Nilitaka kumwambia Mkurugenzi neno, na kwa mara moja sauti yangu ilitoka. "Unanuka, kaka," nilisema, nikamfuata Mama Mkubwa.

Sokoni alipanda juu ya kreti la nyanya. Hakuwa mtu wa kupanda juu ya vitu. Kreti lilitikisika, muuza mkaa akalishika.

"Unga wenye sura yangu msiunywe! Una dawa ya wadudu. Mliokunywa nendeni zahanati sasa hivi. Mlionao rudisheni hapa."

"Si ulisema umenusa?" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Sikunusa. Nilikuwa na mafua. Nilisema kwa sababu ni mwanangu."

Wengine walikimbia. Mmoja alitema mate, yakaangukia karibu na kreti. Kijana mmoja akasema, "Bi Pua bila pua!" akacheka, lakini muuza mkaa alimtazama akanyamaza. Pakiti zilirudi moja moja, nyingine zimefunguliwa, moja na kijiko ndani. Alizipokea zote kwa mikono yake, uso wake mwenyewe ukimjia na kumjia, ukirundikana kwenye kikapu. Tulizipeleka zahanati zikachukuliwa na afisa afya, ambaye alikwenda kukifunga kituo kwa kufuli. Chupa ya utumbo wa kuku alitoka nayo ameishika mbali na mwili.

Fundi cherehani alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama nguo kwenye kamba. Mlango wake tulipobisha alifungua, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akafunga.

Mama Mkubwa aliendelea kupanga mboga zake, kwa kuwa machungwa yalikuwa yamekuja na hayakujua habari zetu. Wateja walipungua. Mmoja wa wachache alisimama akauliza kwa mazoea, "Umenusa, Mama?"

Alilichukua fungu, akamnyooshea. "Nusa mwenyewe."

Ikawa hivyo kuanzia hapo. Alinusa kama zamani, alfajiri, kabla hawajaja, lakini lile neno hakulisema tena.

Cherehani ilipoanza tena kusikika, fundi alikuja sokoni, mtoto mgongoni. Hakusalimia. Alichukua fungu la majani ya maboga, akalifungua kamba, akageuza jani moja moja, juu na chini, kama ambavyo hakuna mtu aliyewahi kufanya kwenye meza ile. Aliyaleta puani. Mtaro ulikuwa ukinuka nyuma yetu, na Mama Mkubwa alisimama mikono imemlegea, akiutazama uso wa yule binti, akingoja ukunjwe.

Haukukunjwa, wala haukulainika. Alilipa.

"Nitachemsha nile mwenyewe kwanza," alisema. "Mtoto simpi."

"Usimpe," alisema Mama Mkubwa.