Toba ya Mama Kevin

Phelista Nasike, ambaye Misikhu nzima humwita Mama Kevin, alijulikana kanisani kwa mambo mawili: chai na funguo. Chai aliipika nyuma ya kanisa kila Jumapili, kwenye sufuria ya kumtosha ndama kuogelea, na ilikuwa chai ya haki, maziwa mengi na tangawizi ya kukufungua pua. Funguo alizifunga kwenye ncha ya leso kiunoni: wa stoo, wa ofisi ya mchungaji, wa kabati la vikombe. Siku za wiki alikuwa mjane wa kawaida, muuza vitambaa sokoni. Jumapili alikuwa serikali. Mpe mtu ufunguo ndipo umjue.

Ufunguo wa nne ulikuja kanisa lilipojenga vyoo vipya. Watu wa afya walishikilia kwamba lazima kimoja kiwe cha walemavu: mlango mpana, mteremko badala ya ngazi, vyuma vya kushikilia ukutani. Fundi akakijenga vizuri mno, akakipiga vigae vyeupe, na hapo ndipo wazee wa kanisa walipokionea choo uchungu.

"Hii tukiachia watu itaharibika wiki moja," alisema Mzee Jotham, mwenyekiti wa kamati. "Mrango ufungwe, ikae ya wageni. Askofu akikuja ataenda wapi?"

Hakuna aliyepinga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni upande huu hupewa kilicho bora, iwe kuku au choo. Kufuli likanunuliwa, ufunguo ukaingia kwenye leso ya Mama Kevin, naye kila Jumamosi akawa anapiga deki choo ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia.

Kanisa zima lilikuwa na mtu mmoja tu wa kiti cha magurudumu. Aliitwa Mukami, binti wa Gichuki, muuza mbegu wa mjini Kitale. Alikuwa amekuja Misikhu kufundisha hesabu katika shule ya upili, na alipojiunga na kwaya aliinyoosha mpaka watu wa Bokoli wakaanza kuja kuisikiliza. Miguu yake haikuwahi kumbeba tangu azaliwe. Sauti yake nayo ilibeba wenzake wote.

Kosa lake moja, machoni pa Phelista, ni kwamba hakunywa chai. Jumapili ya kwanza alikataa kwa upole, ya pili akakataa, na baada ya hapo akawa anaondoka hata kabla matangazo hayajaisha. Kwa Phelista lilikuwa tusi. Kukataa chai ya mtu ni kumkataa mwenyewe.

"Ati hanywangi," aliwaambia akina mama, midomo ameibenua. "Pengine ya kwetu haijafika kiwango cha Kitale."

Wakacheka, na kicheko chao kilisikika mbali. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu asiyeweza kupanda ngazi hujisaidia wapi. Ni swali ambalo mwenye miguu halimjii kichwani, na hiyo haimpunguzii dhambi hata chembe.

Ikaja Jumapili ya askofu. Kwaya iliambiwa asitoke mtu mpaka mgeni afike, aimbiwe, abariki. Saa zikaenda. Mvua ikanyesha. Mukami akatoka kwa mlango wa pembeni, akajisukuma kwenye matope mpaka jikoni, ambako Phelista alikuwa akipepea moto.

"Mama, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Naomba ufunguo ya kile choo kikubwa."

"Aki Mukami, hicho ni cha wageni. Askofu anaingia saa hii. Si ujaribu tu vile vingine?"

"Vile vingine kiti haipiti, mama. Na kuna ngazi."

"Basi vumilia kidogo. Tukimaliza nitakufungulia."

"Nimevumilia kutoka asubuhi."

"Kidogo tu bana, mwalimu," alisema Phelista, akatia tangawizi. Ufunguo ulikuwa unamgonga paja kila alipoinama. Alikumbuka kile choo kilivyong'aa, akakumbuka matope kwenye magurudumu ya Mukami, akaona vigumu kuvikutanisha. Mukami alimtazama, akasema sawa, akarudi kwa kwaya.

Askofu hakuja. Alipiga simu kwamba barabara imeharibika, akatuma salamu. Watu wakatoka mbio kwenda chini ya hema kula, na Phelista, sasa akiwa na moyo wa ukarimu, akajaza kikombe, akakipeleka kanisani pamoja na ufunguo yeye mwenyewe. Mukami alikuwa amebaki peke yake mahali pa kwaya, ametandaza leso mapajani. Chini ya kiti kulikuwa na maji. Phelista aliinua macho kutazama bati, akitafuta panapovuja.

Hapakuwa panavuja popote.

"Mama, usiseme kitu," Mukami alimwambia. "Iwe tu mimi na wewe."

"Mungu wangu. Ngoja nikusukume..."

"Wacha. Nitajisukuma watu wakienda." Halafu akaongeza, bila hasira, jambo ambalo lingekuwa rahisi kubeba lau angelitoa kwa hasira: "Nilisikia ile ya kiwango cha Kitale. Si kiburi, mama. Jumapili sinywi hata maji mpaka nirudi kwa nyumba. Nikinywa nitaenda wapi?"

Phelista akaahidi hatasema. Akafuta sakafu kwa mikono yake, akasimama mlangoni kuzuia watu mpaka wote wakatawanyika.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Phelista hayakungoja kuzaliwa. Wiki nzima alipima vitambaa akakosea, wateja wakanung'unika. Chakula kilimpita kooni kama pumba. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu azungumze peke yake njiani. Alijiita muuaji. Alijiita mnafiki anayeng'arisha choo cha askofu asiyekuja, na dada yake katika Bwana akiloa kwa kiti. Na kwa kuwa hakuweza kukaa na uchungu huo, alitafuta mahali pa kuutua.

Katika kanisa lao mahali hapo hapakosekani. Jumapili huwa na saa ya ushuhuda, na dhambi huko haihesabiwi imetubiwa mpaka isikike na wote. Mchungaji alipouliza nani ana neno, Phelista alikuwa amesimama tayari, machozi yanamtiririka.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi ni mwenye dhambi. Nilimnyima mtoto wa Mungu ufunguo. Nilimnyima mwalimu Mukami, kwa sababu ya kiburi yangu. Aliniomba kama mtoto anaomba mama yake, nikakataa. Mpaka akajikojolea hapo kwa kiti, hapo hapo kwa kwaya, nikaona kwa macho yangu!"

Kanisa likashusha pumzi kwa pamoja, kisha likalipuka. Bwana asifiwe! Akina mama wakalia naye, wakamkumbatia. Mzee Jotham akainuka na kusema hata yeye ana hatia, na kufuli litaondolewa leo. Pambio likaanzishwa. Phelista akahisi wepesi wa mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya mlima mrefu. Hapo ndipo alipogeuka kumtafuta Mukami, pengine amkumbatie naye.

Vijana wa kidato cha pili waliokuwa kwenye kwaya walikuwa wanatazama kiti cha mwalimu wao. Hawakuwa wanatazama uso wake. Walitazama kiti. Mukami alifungua breki, akapita katikati ya kanisa lililokuwa likiimba, na watu wakampisha wakimtabasamia kwa huruma, mmoja akimpapasa kichwani.

Kufuli liliondolewa kweli. Choo kikawa wazi siku zote, na watoto wakakipa jina. "Naenda kwa Mukami," walisema, na baada ya muda hata watu wazima wakasema hivyo bila kucheka, kwa mazoea tu. Mwenye jina hakurudi kukiona. Muhula ulipokwisha alipata uhamisho.

Phelista alikaa na jambo hilo mpaka msimu wa kupanda, kisha akavaa gauni lake la heshima, akasafiri kwenda Kitale. Alimkuta Mukami dukani kwa babake, siku ya Jumamosi, akiwahudumia wakulima waliotoka upande wa Kwanza, nje ya mji, kuja kuchukua mbegu. Duka lilikuwa na nafasi pana kati ya magunia, na mlango wa uani ulikuwa mpana pia. Mukami alimkaribisha, akaitisha chai, akanywa kikombe chake, akaongeza kingine. Phelista alimtazama akinywa vyote viwili.

"Mwanangu, nimekuja uniwie radhi."

"Kwa lipi, mama?"

"Kwa ufunguo."

Mukami aliweka kikombe chini. "Kufungiwa nimezoea. Hata hapa town nimefungiwa, kwa hoteli, kwa ofisi, ati ufunguo iko na mtu ametoka kidogo. Ile siku ya mvua aibu ilikuwa yako, mama, hata kama nguo iliyoloa ni yangu. Ile siku ya ushuhuda ulisimama nayo mbele ya watu wote, ukanipatia mimi. Wewe ukaenda nyumbani mwepesi."

"Nilikuwa natubu."

"Ulikuwa umeniahidi."

Phelista alilia, na safari hii hakuna aliyemkumbatia. Mukami alimngojea amalize, hakumharakisha.

"Nisamehe basi, mwanangu."

"Na nikikusamehe, si utasimama Jumapili uwaambie vile nimekusamehe?"

Phelista alifungua mdomo kukana, akaufunga. Njia nzima kutoka Misikhu alikuwa ameyapanga maneno hayo, mpaka mahali pa kutua na mahali ambapo watu wangesema amina. Mukami aliyaona usoni pake yote.

"Kaa nayo kwanza, mama," alisema taratibu. "Mimi nimekaa nayo." Akamfungia paketi ya mbegu ya mahindi, akamsindikiza mpaka barabarani.

Kesho yake, saa ya ushuhuda, mchungaji aliuliza nani ana neno, na macho ya akina mama yakamwendea Phelista, maana wote walijua alikokwenda. Maneno yalikuwa kwenye ulimi, matamu, yamekamilika. Alishika benchi kwa mikono yote miwili na kubaki ameketi mpaka pambio lingine likaanza.

Nyuma ya kanisa, Sellah, rafiki yake wa miaka mingi, alimsogelea penye sufuria.

"Mama Kevin, si ulienda Kitale? Mlipatana na mwalimu?"

"Nilienda kununua mbegu."

"Mbegu? Ati hata msamaha hukuomba?"

Phelista aliinama kwenye moto. "Sikuomba," alisema.

Sellah akachukua kikombe chake, akaenda kuketi na wengine.