Kiwiko cha Fundi Pindo

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Pindo. Wengine wanadhani ni kwa ajili ya mapindo ya suruali. Wapi! Jina alipewa na dada yangu siku ya kwanza alipomtia machoni, kwa sababu ya mgongo. Miaka ya kuinamia cherehani ilikuwa imemkunja mtu wa watu, mabega mbele, kidevu kifuani, ungedhani anatafuta sindano iliyoanguka. Dada ni muuguzi, na wakati huo ndiye aliyekuwa anafundisha kurusha mishale kwenye uwanja ulio nyuma ya chuo cha ufundi. Akamwambia, "Wewe Pindo, njoo nikunyooshe." Akamnyoosha kweli, kisha akaolewa naye.

Alimfundisha taratibu. Miguu iachane kwa upana wa mabega, uzito usikae visiginoni. Mabega chini. Vuta kwa mgongo, siyo kwa nguvu za mkono. Kamba iguse kidevu, kiwiko cha mkono unaovuta kikae juu, kwenye mstari mmoja na mshale, na ukishaachia tulia hivyo hivyo, usikimbilie kutazama umepiga wapi. Na mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kwa hiyo maneno hayo nayajua hata usingizini.

Halafu dada akapata kazi ya kutunza wazee katika nchi ya mbali. Mkataba wa miaka miwili, akaapa ukiisha tu anarudi. Ukaisha, akaongeza mwingine. Sasa ni mwaka wa nne. Uwanja aliniachia mimi, na mumewe naye akaniachia nimwangalie mkao.

Mtoto hawana. Kwenye simu walianza vizuri, wanacheka, wanataniana, lakini baada ya miezi maneno yakawaishia. Hujambo, sijambo, kazi vipi, kazi nzuri. Watu wawili wanaopendana wakawa wanaongea kama wanajaza fomu! Kilichobaki ni Jumapili. Kila Jumapili alasiri nampiga video akirusha mishale mitatu, anamtumia mkewe, na kabla hajaichomoa kwenye shabaha jibu limeshaingia. Ujumbe wa sauti, dakika nne, tano.

"Pindo, kiwiko! Kiwiko kimeanguka tena, mume wangu. Nimekwambia mara ngapi? Na mbona hilo shati linakupwaya, unakula kweli wewe? Usinidanganye. Inua kiwiko."

Yeye anasikiliza amesimama, simu kaibana sikioni, anatabasamu peke yake. Mimi, dada yangu wa tumbo moja ananiandikia "Mzima, mdogo wangu?" basi, imetoka hiyo. Nilikuwa naona wivu, sifichi.

Na kile kiwiko kilikuwa kinanitoa roho. Wamekuja watu juzi juzi, hawajui hata upinde unashikwaje, wamejifunza na kumpita. Yeye nimemwelekeza, nimemshikilia mkono, nimemfokea mpaka sauti imenikauka. Jumapili ikifika, simu ikiwashwa, kiwiko chini. Wanafunzi wakaanza kunitania kwamba mwalimu ameshindwa na mshona suruali.

Jumatano moja nilirudi uwanjani kuchukua funguo nilizosahau, nikamkuta peke yake. Hakuniona. Alivuta, akatulia, akaachia. Lo! Kiwiko kimekaa pale pale panapotakiwa, mgongo umenyooka, mkono haukutetereka hata baada ya mshale kufika. Alirusha sita, na yote sita ikaingia kwenye duara la njano la katikati.

"Ala! Shemeji!"

Aligeuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla hajaondoka. Si aliniacha nimeshanyooka."

"Kwa hiyo miaka yote hii unanifanya mimi mjinga?"

"Siyo wewe, shemeji." Akaanza kuupangusa upinde ambao haukuwa na vumbi lolote. "Ule mwaka wa kwanza, kabla hujaanza kunipiga video, kuna Jumapili nilirusha vizuri, nikamtumia. Akajibu 'Safi.' Neno moja, shemeji. Wiki nzima nikakaa na neno moja. Jumapili iliyofuata nikaangusha kiwiko, akaongea dakika tano."

Mtu mwenye akili zake angenyamaza hapo. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia huo ni uongo, mwanamke yuko ugenini anajichosha kusahihisha kosa ambalo halipo, na Jumapili atarusha hivi hivi nilivyomwona, la sivyo nitamwambia dada mwenyewe. Lakini ukweli wa moyoni ulikuwa mwingine. Nilimkumbuka dada yangu mpaka nikachoka. Nilitaka akose la kusema kuhusu kiwiko, ili aseme lile tunalolisubiri wote, kwamba anarudi.

"Na akisema 'Safi' tena?" akaniuliza.

"Hatasema."

"Shemeji, hicho kiwiko ndicho nilichobaki nacho."

Neno hilo liliniingia, ila sikurudi nyuma. Mimi nikishasema nimesema.

Jumapili akarusha. Sijawahi kupiga video nzuri vile. Akaituma, tukaona alama kwamba imefunguliwa, tukangoja. Akachomoa mishale, kimya. Akalegeza kamba, akafunga upinde kwenye mfuko wake, kimya. Jumatatu hakuna kitu. Jumanne nikampigia dada, hakupokea. Jumatano nikapita dukani kwa Pindo, nikamkuta ameshona zipu ya sketi ya mteja kinyume, anaifumua. Mabega yalikuwa yamerudi mbele. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitamani anitukane.

Alhamisi asubuhi akanipigia. "Njoo. Ujumbe umeingia. Siwezi kuusikiliza peke yangu."

Nilifika nikihema. Simu alikuwa ameiweka kwenye meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki, kaketi mbali nayo. Nikaubonyeza mimi.

"Pindo," dada akaanza. Kisha tukasikia anavuta kamasi. "Hii video nimeitazama siku nne. Kiwiko umekipatia, mume wangu. Umekipatia kabisa." Akapenga, nikadhani ndiyo mwisho. "Lakini bega la kushoto limepanda. Kidogo tu. Na kosa la bega halitoki upesi, hilo litatuchukua muda mrefu. Jumapili nitumie tena, niliangalie vizuri. Usiache kunitumia."

Pindo akaichukua simu, akaifungua ile video, akaisimamisha pale anapoachia mshale. Akaikuza mpaka bega likajaa kioo kizima, akanisogezea.

"Wewe ndiye mwalimu, shemeji. Limepanda?"

Nilitazama. Nikatazama tena. Bega lilikuwa chini, limetulia, vile vile dada alivyomfundisha.

"Halijapanda," nikasema.

"Najua." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na huku anacheka. "Uongo huu mimi naujua, shemeji. Nimeusema miaka mitatu."