Mbingu ya Kushika Mkononi

Kazi yangu mimi ni nyuso. Nina studio ndogo mjini, mtaa wa Mutakura, kati ya saluni na duka la simenti, na watu huja kwangu kwa picha za pasipoti, ubatizo na harusi. Nyota sikuwahi kuzipiga picha, na wala sikuona sababu, maana nyota haziji kuulizia picha zao.

Sababu aliileta mama. Presha ya macho ilikuwa imemzima jicho la kushoto. La kulia lilibaki na kidirisha kidogo tu, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba nacho kitafungwa. Kitu akikishika karibu, penye mwanga wa kutosha, alikiona. Cha mbali au cha usiku kilikuwa kimeshampotea. Siku moja nilimuuliza kama kinachomuuma zaidi ni kutoziona nyuso zetu. Akacheka. Alisema nyuso zetu anazijua na hazijaongezeka uzuri. Anachokikosa ni nyota. Siku hizi usiku hakuwa anatoka tena uani, kwa sababu huko juu hakukuwa na kitu.

Basi nikawaza, kama yeye haifikii mbingu, mimi nitaichapisha kwenye karatasi aishike mbele ya pua yake, mchana, juani. Ila ilibidi niwahi, kabla kidirisha hakijafungwa.

Mutakura haifai kwa kazi hiyo. Hata umeme ukikatika, taa za sola na majenereta hayatulii. Lakini ukiipita Carama, nyumba zikaisha, unaingia kwenye tambarare ya Rusizi, na mwezi wa nane tambarare ile ni jangwa kasoro jina: udongo umepasuka, majani yameungua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Huko anaishi mama mmoja anayeimba kwaya moja na mama yangu, yeye na mumewe na mbuzi wao. Petroli ilikuwa haipatikani, nikaenda kwa baiskeli. Nilifika jua bado liko juu, naye kabla ya kunipa hata maji akanipeleka kwa chef wa kartiye, mkuu wa mtaa wao, kunitambulisha, maana mgeni anayesimamisha chombo cha miguu mitatu shambani usiku anaweza kujieleza mpaka asubuhi.

Kilichonishinda ni taa. Juu ya zizi iliwaka taa ya sola usiku kucha, kwa ajili ya wezi. Nilipopiga picha ya kujaribu, taa ile ilikuwa imemeza nusu ya mbingu. Ningeanzaje kumwambia mtu aache mbuzi wake gizani? Lakini yule mama alichungulia kwenye kioo cha kamera, akaona mwenyewe, akaenda akaizima. Kisha yeye na mumewe wakatoa viti, wakajifunika blanketi, wakakaa mlangoni pa zizi kulinda mbuzi kwa masikio mpaka kulipopambazuka. Yote hayo kwa kuwa mama yangu anaimba naye sauti ya pili. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini nilishukuru kwamba kulikuwa na giza.

Karibu na alfajiri vumbi lilitulia. Niliacha jicho la kamera wazi muda mrefu, bila flashi, nikiogopa hata kupumua karibu nayo. Kwenye kioo zikatokea nyota ambazo mimi mwenye macho mazima sikuwa nimeziona.

Sasa, kwenye studio yangu hakuna uso unaotoka bila kusafishwa. Chunusi, alama, jasho la kwenye paji, vyote nafuta. Bibi harusi wa hapa akijiona na doa moja anakurudishia picha. Mkono umeshazoea. Nilipoifungua mbingu kwenye kompyuta nikaona vidoa vingi vidogo, nikadhani ni uchafu wa picha za gizani, nikavifuta kwa bidii. Nikachapisha karatasi kubwa, nikampelekea mama kifua mbele.

Aliisogeza mlangoni penye jua, jicho likikaribia kugusa karatasi, akaipitia pole pole mpaka mwisho.

“Hii haiko mbingu,” akasema. “Iko kitambaa cheusi na vifungo.”

Niliudhika, nisiseme uongo. Nilimwambia ndivyo kamera inavyoona. Lakini usiku nilifungua picha ya kwanza kando ya ile niliyoisafisha, na vile vidoa vilikuwa nyota. Nilikuwa nimeifuta mbingu kama chunusi.

Asubuhi nilichapisha ile chafu, na vidoa vyake vyote. Wakati naipeleka nilikuwa na hofu moja tu, kwamba kidirisha kimeshafungwa.

Mama aliishika. Alikuwa anasogeza karatasi, si jicho, kidogo kidogo, mpaka nikachoka kusimama. Kisha kidole chake kikatua mahali, juu ya vinyota vilivyosongamana, ambavyo kwenye ile niliyoisafisha sikuwa nimeacha hata kimoja.

“Hizi,” akasema, “mama yangu alikuwa anaamukia hizi, anaenda shamba. Ni yeye alinionyesha, mi niko mutoto mudogo, iko ananibeba mugongoni. Nilizani nimeshaziaga.”

Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

“Aksanti, mutoto wangu. Sasa hii jicho ikitaka kulala, ilale.”

Akaniomba nimsogezee kiti, jua lilikuwa linahama.