Majina Yaliyofutwa Saa Saba

Kazi ya kuandika programu imenifundisha kutoamini. Mke wangu husema hata chumvi naionja mara mbili. Lakini wakulima wa miwa wa upande wa Ramisi walipoanza kupotea kwenye orodha ya zamu ya kukatiwa miwa, sikuishuku programu niliyoiandika mwenyewe. Nilimshuku karani.

Alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyeandikisha wakulima kwenye kaunta ya chama chao pale Msambweni. Asiyekuwamo orodhani hukosa zamu, na miwa yake hukaukia shambani. Nilimpa shikamoo kila nilipofika, lakini upole wake ulinitia shaka. Tena alikuwa na daftari la shule, na kila nilipoingia alilifunga, akaliwekea kiwiko. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumbani Ukunda nikafungua logi, yaani kumbukumbu ya kila kinachotendeka kwenye seva yetu ya kukodi iliyoko ng'ambo, ile tunayoiita wingu. Kila jina lililopotea lilikuwa limefutwa kwa akaunti yake. Saa saba mchana, ofisi imefungwa, watu wako msikitini. Sitasema uongo, nilifurahi. Nikamwandikia mwenyekiti barua ndefu, na kesho yake karani akaambiwa akae nyumbani hadi kamati iamue kama atafutwa kazi.

Majina yakaendelea kupotea. Nikasema anaingia kwa simu yake, nikabadilisha nywila. Yakapotea tena. Hapo ndipo nilipoisoma logi kama nilivyopaswa kuisoma tangu mwanzo. Ilikuwa saa saba kamili kila siku, bila kuzidi hata sekunde, na hata sikukuu ya Idi haikurukwa. Hakuna binadamu afanyaye kazi hivyo.

Ilikuwa programu ndogo niliyoiandika siku za majaribio, nikaisahau huko huko winguni. Niliiagiza imwondoe aliyeandikishwa mara mbili: jina moja, kijiji kimoja, simu moja, basi mmoja afutwe. Nikaiendesha kwa akaunti ya karani kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi, na mimi nilikuwa mvivu wa kufungua nyingine. Nami ni Mdigo, na kwetu majina hurithiwa. Nimerithi jina la babu, na binamu zangu wanne wamelirithi jina hilo hilo, na wote hupigiwa kwa simu moja ya nyumbani. Niliona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Nilimwendea kwake, nikakaa mkekani, nikamwambia kosa ni langu. Hakunikaripia. Aliingia ndani akatoka na lile daftari. Kando ya kila mkulima aliandika jina la mama yake, ili wenye jina moja wasichanganywe. Alilificha kwa sababu mimi ndiye niliyekataza makaratasi ofisini.

"Ungeniuliza, mwanangu, ningekuonyesha," akasema.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia nimeshaandika barua ya pili ya kumsafisha, na usiku ule ule ningempelekea mwenyekiti.

"Ile ya kwanza ilisomwa mbele ya kamati nzima, nami nimesimama pale mlangoni," akasema. "Hii njoo uisome wewe mwenyewe."

Jumatatu nikaenda mbele ya kamati. Yeye aliketi, mimi nikaisoma nimesimama.